Uji wa Wifi Yangu

Nilipoanza kutembea asubuhi, mtaa ulinipa mume wa pili. Sikumtafuta, sikumwona, wala jina lake sikuambiwa, lakini wenzangu walikuwa na hakika naye. Mwanamke wa makamo, mwenye mume na wajukuu, atoke nyumbani baada ya swala ya alfajiri, ashike njia ya pwani mbio mbio, arudi jua limechomoza na jasho lamtiririka? Lo! Kwani huko pwani kuna nini kama hakuna mtu? Naandika haya na hasira bado ninayo, na sioni sababu ya kuificha.

Hakuna aliyeuliza habari za macho yangu. Mimi hushona kofia za vito, zile za kutoboa tundu moja moja kwa sindano na kulizungushia uzi mpaka kitambaa kizima kikakamae. Mama alinifundisha kabla sijavunja ungo, na sijapata kuwa na kazi nyingine maishani. Kisha nikaanza kuona vitone vyeusi vikielea mbele ya jicho la kushoto. Nikadhani ni uchovu, nikanunua miwani ya kuchagua mwenyewe pale sokoni, nikaendelea. Siku moja nikiwa ukumbini, hapa Malindi kwetu, nikaidunga sindano kwenye kidole changu mwenyewe nikidhani nimeshika kitambaa. Hapo ndipo nilipokwenda zahanati.

Daktari alikuwa binti mdogo, rika la mwanangu wa mwisho. Alinipa shikamoo kwanza, halafu ndio akanitisha. Alinipima damu, akanimulika ndani ya macho kwa taa yake, kisha akaniambia sukari imepanda, na imepanda kitambo, na mishipa midogo nyuma ya jicho imeanza kuvuja. Kilichoharibika hakitarudi kama kilivyokuwa, alisema, lakini kilichobaki kinaweza kulindwa. "Mama, ukiishusha sukari utaendelea kushona. Usipoishusha, utapofuka." Hakuzungukazunguka, na nilimpenda kwa hilo. Akanipa vidonge, akanieleza nitembee kila siku mpaka jasho linitoke, mboga zijae nusu ya sahani, wali uwe kiasi cha ngumi yangu, na sukari ya kumimina niisahau kabisa.

Rahisi, sivyo? Nusu ya sahani! Yule binti alikuwa mtu wa bara, maskini, hakujua kwamba nyumbani kwetu hakuna sahani.

Kwetu twala sinia. Wali wa nazi unamiminwa katikati, mchuzi juu yake, samaki wa kupaka pembeni, watu wanaketi mkekani kwa kulizunguka, na kila mtu anakula upande wake kwa mkono wake. Wanaume na lao, wanawake na lao. Ukila kidogo, aliye karibu nawe anaumega mnofu na kukusogezea upande wako, na kuukataa mnofu uliosogezewa ni sawa na kumtukana mtu. Anayejipakulia peke yake katika nyumba yetu ama ana maradhi ya kuambukiza ama amekosana na wenzake. Hatujui sababu nyingine.

Na mpishi wa sinia hilo alikuwa wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Alirudi kwao alipofiwa na mumewe, akanikuta mimi na sindano zangu, na mavyaa, yaani mama yao, amelala kitandani mgonjwa wa sukari hiyo hiyo. Akashika jiko. Sikumzuia, maana mkono wake kwenye chakula si wa mchezo. Tulikaa hivyo miaka na miaka, yeye jikoni na mimi ukumbini, na hata mavyaa alipotutoka hatukugombana kwa jambo la maana. Nasema haya ili ijulikane kwamba hakuwa mtu mbaya. Natamani angekuwa mbaya, maana mtu mbaya ningejua la kumfanya.

Siku niliyoleta sahani yangu mkekani, mkono wa wifi ulisimama hewani na tonge lake.

"Nani kakuudhi?" akaniuliza.

"Hakuna aliyeniudhi. Daktari amesema nipime chakula."

"Ala! Upime chakula, kwani unakiuza?"

Wake za wanangu wakacheka, nami nikacheka kidogo, nikajitilia mchicha mwingi na wali kiasi cha ngumi. Wifi hakucheka. Aliutazama ule mchicha kana kwamba nakula majani ya mbuzi. "Tangu nirudi nyumba hii tunakula pamoja," alisema. "Leo mkono wangu unakutia kinyaa?" Nikamwapia wallahi si hivyo. Akainuka na hakumaliza kula. Mume wangu alisikia yote kutoka upande wa wanaume, na baadaye akaniita chumbani. "Mama watoto, mbona waniaibisha? Watu watasema nimekuwa nakunyima." Nilimwambia nitapofuka. Akasema, "Mungu apishe mbali," kisha akaniomba nile sinia moja na dada yake walau Ijumaa.

Na ule mwendo wa asubuhi je? Nilivaa buibui langu kama kawaida na chini yake raba alizoziacha mwanangu. Nilikata vichochoro mpaka ufukweni, nikafuata mchanga mgumu kuelekea kule ambako maji ya mto Sabaki huigeuza bahari rangi ya chai ya maziwa. Siku za mwanzo nilirudi miguu ikiuma mpaka nikashindwa kukaa chini kusali, nikasali kwenye kiti. Lakini baada ya muda pumzi ilianza kunitosha, usingizi ukaja wenyewe, na magoti yakaacha kulalamika nikipanda ngazi za ghorofani. Mwili wangu ulikuwa unanishukuru. Ni watu tu waliokuwa hawanishukuru.

"Shoga, umeibiwa? Mbona wakimbia?" Huyo ni jirani wa mlango wa kwanza. "Msalimie!" Huyo ni wa mlango wa pili, na hakusema nimsalimie nani, alijichekea tu na kanga yake mdomoni. Na njia hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, nilikuwa napishana na wanawake wa Kigiriama waliotembea kutoka mbali kuliko nilikokuwa nakwenda mimi, na makapu ya mchicha na maembe vichwani. Hao hakuna aliyewauliza lolote. Kumbe mwanamke akitembea na mzigo ni mchapakazi, akitembea mikono mitupu kwa ajili ya mwili wake mwenyewe ni kahaba. Nilitaka kununua kapu nilitie mawe nilibebe kichwani, ili nipate amani. Nilikasirika mpaka nikaona haya kwa niliyokuwa nikiwaombea majirani zangu moyoni.

Nilipoanza kupungua mwili mambo yakazidi. Wa kwanza wakasema mume wangu ana mwanamke Mtwapa, na huyo ndiye anayelishwa, si mimi. Wa pili wakaniangalia kwa huruma na kunong'onezana kuhusu kile kidudu cha ukimwi. Halafu wakaja kunitazama, maana mgonjwa lazima atazamwe, na mtu haendi kumtazama mgonjwa mikono mitupu. Walileta nini? Halua! Bakuli kwa bakuli za halua, bado ina joto, na soda kubwa kubwa, na kaimati zinazoogelea kwenye shira. Walikuja kumtazama mgonjwa wa sukari wakamletea sukari! Wakaketi, wakanifunulia, wakasema "Onja kidogo, mgonjwa hasusi chakula," na mwenye nyumba hawezi kumwacha mgeni ale peke yake. Mmoja aliniambia kwa uso mkavu kwamba halua haidhuru kwa sababu imepikwa, sukari inayodhuru ni ile mbichi. Mwingine akasema tende na asali hazihesabiwi kwa kuwa zina baraka. Niliwaambia asanteni, nikawaambia siwezi, nikaonekana nina kiburi. Walipotoka niligawa halua yote kwa watoto wa mtaa, na nililia jikoni kwa hasira.

Wifi alinikuta nikilia. Akakaa kwenye kigoda, akasema, "Basi. Kama ni hivyo, mimi nitakupikia cha kwako mbali." Nilimkumbatia pale pale na harufu yake ya vitunguu. Tangu siku hiyo nikawa nikirudi kutoka pwani nakuta uji wa wimbi uko tayari, na pilipili manga, na ndimu, na tui la nazi juu. Jioni ananipikia boga, au mbaazi, kwenye kisufuria changu peke yangu. Uji ule ulikuwa mtamu! Nilimuuliza mara moja, "Wifi, huu una nini?" Akanijibu, "Tui la kwanza hilo. Nazi za Takaungu hazina mfano." Nikaamini. Nilimsifia kila mahali, nikasema wifi yangu ndiye peke yake katika mji huu aliyenielewa.

Nikarudi kwa daktari kifua mbele, kwa buibui lililokuwa likinipwaya. Nilitembea, nilikula mboga, sikugusa mahamri wala vibibi, wala pilau ya harusi. Yule binti akanipima, na uso wake ukabadilika. Sukari ilikuwa pale pale, karibu na nilikoiacha. Akanipima tena. Kisha akavuta kiti chake karibu yangu, na kwa sauti ya upole kabisa akaniambia, "Mama, mimi sikugombezi. Lakini niambie ukweli. Unakula nini?"

Nilimweleza kila kitu. Alinisikiliza, na nikaona wazi haniamini. Mtu wa umri wangu naangaliwa kama mtoto aliyelamba sukari akapangusa mdomo! Akanimulika macho, akaniambia jicho la kushoto limevuja zaidi, na la kulia sasa nalo linaanza. Nilitoka nikatembea mpaka nyumbani sioni njia, na si kwa ugonjwa, kwa machozi. Wenye maneno walipata la kusema. "Si umeona? Mbio zote hizo na bado." Mume wangu akasema labda ni jambo la Mungu, nile tu niridhike. Nilimwambia anyamaze. Sikuwahi kumwambia hivyo katika ndoa yetu.

Lakini niliendelea kutembea, kwa ukaidi tu. Na asubuhi moja soli ya raba ikabanduka kabla sijafika hata ufukweni, nikarudi nikiburuta mguu. Nikapitia mlango wa uani. Wifi alikuwa amenipa mgongo mbele ya jiko, anakoroga uji wangu kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa ndani ya bati la sukari. Akachota, akamimina. Akachota tena, akamimina.

"Wifi," nikasema, "ni nini hicho?"

Hakushtuka kama mtu aliyefumaniwa. Aligeuka polepole, akaufunika uji. "Kidogo tu. Kwa ladha."

"Tangu lini?"

"Tangu nianze kukupikia."

"Na boga?"

"Boga bila sukari ni chakula cha nani?"

"Na mbaazi?"

"Mbaazi natia kijiko tu."

Nilikichukua kile kisufuria kikiwa moto vile vile, nikautupa uji wote uani, kuku wakatawanyika. Sauti iliyonitoka sikuijua kama ni yangu. Nilimwambia aliniona nikilia. Nilimwambia aliniona nikirudi kutoka kwa daktari nimedharauliwa, aliniona nikishindwa kutia uzi sindanoni na kumwita mjukuu anitilie, na usiku ule ule akanipikia boga la sukari na kuketi kunitazama nikila. "Wataka nipofuke? Sema! Wataka nikae hapa nishikwe mkono kwenda chooni?"

"Nilikuwa nakuonea huruma!" naye akapiga kelele. "Umekonda, huli, wajitesa kama umefungwa! Mimi siwezi kuona mtu akinyimwa ndani ya nyumba hii. Siwezi tena. Mama aliniomba chai. Wiki ile ya mwisho aliniomba chai ya sukari, akaniomba kama mtoto, na mimi kwa kuwa daktari kakataza nikamnyima. Akafa akiidai. Wewe ulikuwapo, ulimsikia. Nikaapa sitamnyima mtu tena kitu kitamu mpaka naingia kaburini."

Nilikuwapo, ndiyo. Nilimsikia mavyaa akiomba ile chai. Lakini pia nilikuwapo miaka yote ya kabla yake, na watu walipopita mlango wa uani kumletea halua chini ya kanga daktari asijue, na kaimati, na tambi za sukari kila jioni ya Ramadhani, hata mguu wake ulipokatwa. Tulimlisha sote, kwa mapenzi, tukimwambia kidogo haidhuru. Na hilo ndilo nililomwambia wifi yangu pale uani, na sikupunguza neno. "Mama hakufa kwa kikombe ulichomnyima. Alikufa kwa vyote tulivyompa. Na wewe sasa wanipa mimi."

Alikaa chini kwenye kigoda chake, akajifunika uso kwa kanga. Sikumbembeleza. Nikaingia ndani.

Mume wangu alipopata habari alisema dada yake hakukusudia ubaya. Nikamwambia sikuuliza alikusudia nini, jicho langu halijui mtu alikusudia nini. Nikanunua jiko langu dogo, nikaliweka kwenye varanda, na nikaanza kujipikia mwenyewe. Kunde, bamia, samaki wa kuchoma, ugali wa mtama kiasi cha ngumi, chai ya rangi na tangawizi. Chakula kibaya, mwanzoni, sitasema uongo. Mimi na wifi tulibaki na salamu tu, na hata hizo salamu tulizitoa kwa kuangalia ukutani. Nyumba nzima ilikuwa na kisirani. Nami nikatembea kila asubuhi kwa hasira kiasi kwamba mwendo wangu ulikuwa wa askari, na majirani wakaacha kuniuliza maswali.

Safari iliyofuata kwa daktari, sukari ilikuwa imeshuka. Imeshuka sana. Binti alitabasamu mpaka meno ya nyuma yakaonekana, akaniomba msamaha bila kusema anaomba msamaha wa nini. Jicho la kulia limetulia. La kushoto limebaki na ukungu wake, na utakaa humo. Nilirudi nyumbani nimejipanga maneno ya kumtupia wifi usoni, moja baada ya jingine, na nilikuwa na hamu nayo.

Nilimkuta uani ameutia mguu wake kwenye beseni la maji ya chumvi. Aliuvuta haraka kuuficha chini ya leso, lakini niliuona. Kidole gumba kilikuwa kimevimba, cheusi upande mmoja, na harufu yake niliijua tangu enzi za mavyaa. Alijikata kwenye mbuzi ya kukunia nazi, akasema, siku nyingi, kitapona tu. Siku nyingi! Pembeni yake palikuwa na dumu la maji, alikuwa akinywa na kujaza, akinywa na kujaza, na nikakumbuka kwamba kwa miezi namsikia akienda na kurudi msalani. Yote haya chini ya dari moja, na mimi nikiwa nimeshikilia kununa. Maneno yangu yote niliyoyapanga yakanipotea. "Hujapimwa kamwe?" nikamuuliza. Akatikisa kichwa. "Nikapimwe ili ninyimwe?"

Kesho yake asubuhi nilimvalisha buibui mimi mwenyewe, akikataa, akinitukana, akisema ana kazi jikoni. Mume wangu akasema nimwache akapumzike. Nikamwambia alete tuktuk au anyamaze. Akaleta.

Binti daktari alimchoma wifi kidole, akatazama kipimo, kisha akanitazama mimi kabla ya kumtazama yeye. Nikajua. Aliufungua mguu, akausafisha taratibu, akauchunguza kwa muda mrefu. Wifi hakuuliza sukari ni ngapi. Aliuliza, "Mtaukata?" Binti akasema wataanza dawa leo hii, na kama atashika masharti kama wifi yake alivyoyashika, huenda kidole tu ndicho kitakachokwenda. Akasema hawezi kuahidi.

Tuliketi kwenye benchi la nje tukisubiri dawa. Wifi alikuwa ameushika mkono wangu, na vidole vyake vilikuwa baridi. "Wifi," akasema, "nilikuwa nakuua?"

Mtu yeyote wa nyumba yetu angemwambia la, hasha, dada yetu, wewe ulikuwa wapenda tu. Kwa upole wa namna hiyo tulimzika mama yake. Nilikuwa na hasira naye bado, na nilikuwa nampenda.

"Ndiyo," nikamwambia. "Ulikuwa waniua. Na wajiua mwenyewe."

Akalia kwa sauti, pale mbele za watu, na sikumnyamazisha wala sikuutoa mkono wangu. Alipokwisha alijifuta kwa ncha ya kanga, akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa mimi nitakula nini?"

"Utakula nitakachokupikia mimi," nikamwambia. "Hutakipenda. Na utakila."